Pamba: Mmea wa Nyuzi na Mafuta

1. Mavuno mawili katika tumba moja

Katika mimea yote ilimwayo na wanadamu, ni michache yenye faida kama pamba. Watu wengi hudhani ya kuwa pamba hulimwa kwa ajili ya nguo tu. Lakini mtu akilichukua tumba la pamba lililopasuka, akazivuta nyuzi zake polepole, ataona ya kuwa kila fungu la nyuzi limeshikamana na mbegu. Nyuzi hizo ndizo nywele za mbegu. Kila unywele ni chembe moja tu ya uhai, iliyoota juu ya ganda la mbegu ikarefuka, hata urefu wake ukapita unene wake zaidi ya mara elfu. Tumba lipasukapo, unywele hukauka na kujipinda. Na kwa sababu ya kujipinda huko, nywele hizo hushikana vizuri zinaposokotwa kuwa uzi.

Pamba ikiisha kuvunwa hupelekwa katika kiwanda cha kuchambulia. Huko mashine hutenga nyuzi na mbegu. Nyuzi hushindiliwa na kufungwa robota, tayari kusafirishwa kwenda viwanda vya nguo. Mbegu nazo zina mali ndani yake, maana zikikamuliwa hutoa mafuta ya kupikia na ya kufanyia sabuni, na makapi yanayobaki, yaitwayo mashudu, hulishwa ng'ombe. Kwa kila kilo moja ya nyuzi, mkulima hupata zaidi ya kilo moja na nusu ya mbegu. Basi mtu alimaye pamba hulima nguo na mafuta pamoja.

Ukulima huu ni wa kale sana. Watu wa Bara Hindi walisokota pamba maelfu ya miaka iliyopita, na watu wa Amerika vivyo hivyo, ingawa hawakujuana hata kidogo. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, wachimbuzi wa mambo ya kale walivumbua huko Kilwa vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, ambavyo watu wa zamani walivitia katika vijiti vya kusokotea nyuzi.

2. Mtawa na njegere zake

Tangu zamani wakulima wenye busara wamekuwa wakichagua mbegu. Kila mwaka waliweka akiba mbegu za mimea iliyo bora, nao waliona ya kuwa mavuno yao yalizidi. Lakini mara nyingi walishangazwa na jambo moja. Mmea mzuri uliweza kuzaa watoto wabaya, na sifa iliyopotea kwa wazazi iliweza kuonekana tena kwa wajukuu. Hakuna aliyejua sababu yake.

Mtu wa kwanza kuifumbua siri hiyo ni mtawa aliyeitwa Gregor Mendel, aliyezaliwa mwaka 1822. Alikaa katika nyumba ya watawa mjini Brünn, ambao leo huitwa Brno, katika nchi ya Cheki. Tangu mwaka 1856 hata 1863 alipanda njegere katika bustani ya watawa, akaziangalia kwa uvumilivu mwingi. Alichukua unga wa kiume wa ua moja, yaani chavua, akautia katika sehemu ya kike ya ua la mmea mwingine. Kisha akazihesabu mbegu zote zilizozaliwa.

Mendel alichanganya njegere zenye mbegu za mviringo na njegere zenye mbegu za makunyanzi. Watoto wote walikuwa wa mviringo. Makunyanzi yalikuwa kana kwamba yametoweka. Lakini alipoziotesha mbegu hizo na kuiacha mimea ijizalie yenyewe, makunyanzi yalirudi. Katika mbegu 7,324 za wajukuu, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa za makunyanzi. Yaani katika kila mbegu nne, tatu zilikuwa za mviringo na moja ya makunyanzi.

Mendel alifahamu maana ya hesabu hiyo. Kila mmea una asili mbili kwa kila sifa, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Siku hizi asili hizo huitwa jeni. Jeni ya mviringo ina nguvu, na ya makunyanzi ni dhaifu. Mbegu iliyopata jeni moja ya kila namna huonekana ya mviringo, walakini imeficha makunyanzi ndani yake. Ikizaa, nusu ya watoto wake hupewa jeni dhaifu na baba, na nusu hupewa jeni dhaifu na mama; basi robo yao hupata jeni dhaifu kutoka pande zote mbili, nao ndio wenye makunyanzi.

Mendel alisoma maneno yake mbele ya wataalamu mwaka 1865, yakapigwa chapa mwaka 1866. Watu wachache tu waliyajali, naye akafa mwaka 1884 bila ya kusifiwa kwa kazi hiyo. Hata mwaka 1900 wataalamu watatu, kila mmoja katika nchi yake, waliipata kanuni ile ile, wakaona ya kuwa mtawa yule alikwisha kuwatangulia. Tangu siku hizo ufugaji wa mimea ukawa elimu yenye hesabu.

3. Majani yenye vinyweleo

Elimu hiyo ilileta msaada mkubwa Afrika. Kuna mdudu mdogo wa rangi ya kijani aitwaye jasidi. Hukaa upande wa chini wa jani la pamba, akafyonza maji yake. Kando za jani hugeuka manjano, kisha nyekundu, hata jani likajikunja na kukauka. Mapema katika karne ya ishirini, mdudu huyu aliangamiza mashamba mengi ya pamba kusini mwa Afrika, na wakulima wengine walikata tamaa kabisa.

Katika miaka ya 1920 mtaalamu mmoja, F. R. Parnell, alifanya kazi huko Barberton, Afrika ya Kusini. Ilionekana ya kuwa katika mashamba yaliyoharibika palikuwa na mimea iliyobaki na afya. Ilipochunguzwa, majani yake yalikuwa na vinyweleo vingi virefu. Mdudu hakuweza kukaa vizuri juu ya jani la namna hiyo, wala kutaga mayai yake. Basi Parnell alichagua mimea yenye vinyweleo, akaizalisha, na katika kazi hiyo ikapatikana pamba iliyoitwa U4. Pamba hiyo ilienea katika nchi nyingi, nayo ikawa mzazi wa pamba nyingine zilizofuata. Vinyweleo vidogo, ambavyo mtu huvipapasa kwa kidole bila ya kuvijali, viliokoa ukulima wa pamba.

Palikuwa na adui mwingine tena, ugonjwa wa bakteria uletao madoa meusi katika majani na mashina, na kuozesha matumba. Katika Sudani, mtaalamu R. L. Knight alitafuta pamba zisizoshikwa na ugonjwa huo. Lakini nyingi katika hizo hazikuwa na nyuzi nzuri. Basi alifanya hivi. Alichanganya pamba yenye nguvu ya kushinda ugonjwa na pamba yenye nyuzi nzuri. Watoto walikuwa nusu kwa nusu. Aliwajaribu kwa ugonjwa, akawachagua walioushinda, akawachanganya tena na pamba yenye nyuzi nzuri. Sasa sehemu ya mzazi mwenye nyuzi mbaya ilikuwa robo tu. Mara ya tatu ikawa moja ya nane. Mara ya nne moja ya kumi na sita. Hivyo ubaya ulipungua kila kizazi, lakini nguvu ya kushinda ugonjwa ilibaki, kwa kuwa kila mara ilichaguliwa.

Kazi za namna hiyo zilifanywa Afrika ya Mashariki pia. Huko Uganda, katika vituo vya Bukalasa na Serere, zilizalishwa pamba zilizojulikana kwa herufi BPA na SATU. Huko Ukiriguru, karibu na Mwanza, zilizalishwa pamba zilizopewa herufi UK, kama UK 77 na UK 91, nazo zikapandwa na wakulima wengi wa Usukuma.

Kuchanganya pamba ni kazi ya mikono yenye subira. Jioni, kabla ya ua kufunguka, mfanyakazi hulipasua kwa uangalifu na kuziondoa sehemu zote za kiume, ili ua lisijizalie lenyewe. Kisha hulifunika. Asubuhi yake huleta chavua ya mmea mwingine, akaipaka katika sehemu ya kike, akalifunika tena na kulitia alama. Asipoandika vizuri, kazi ya mwaka mzima imepotea.

4. Sumu iliyofichwa katika mbegu

Mtu akiuangalia mmea wa pamba kwa makini, ataona vitone vidogo vyeusi katika majani, mashina na matumba. Akiikata mbegu kwa wembe, ataviona ndani yake pia. Vitone hivyo ni tezi, na ndani yake mna kitu cha rangi ya manjano kiitwacho gosipoli. Jina hilo alilitoa mtaalamu Leo Marchlewski mwaka 1899.

Gosipoli ni sumu. Mmea haukupewa sumu hiyo bure, maana ni silaha yake. Wadudu wengi na wanyama wadogo wakionja jani au mbegu, huona uchungu wakaacha. Ng'ombe aliyekomaa aweza kula mashudu ya pamba kwa kiasi bila ya kudhurika, kwa kuwa vijidudu vilivyomo katika tumbo lake kubwa huidhoofisha sumu. Lakini kuku, nguruwe na wanadamu hawana tumbo la namna hiyo. Wakila mbegu za pamba, gosipoli huweza kuwadhuru moyo na ini. Mafuta ya pamba yanayouzwa madukani hayana hatari, kwa sababu yamesafishwa kiwandani na sumu imeondolewa. Walakini mtoto asile mbegu za pamba zilizotoka shambani.

Hapa pana jambo la kuhuzunisha. Katika kila mbegu 100 za uzito, kiasi cha 22 ni protini, yaani chakula cha kujenga mwili, ambacho watoto wengi duniani wamekikosa. Kila mwaka ulimwengu huvuna tani zaidi ya milioni 40 za mbegu za pamba. Jamaa maskini waweza kulima shamba la pamba na kulala njaa, hali chakula kimelala ghalani mwao, kimefungwa kwa kufuli ya sumu. Wataalamu wa mimea walijiuliza kama kufuli hiyo haiwezi kufunguliwa.

5. Pamba ya Wahopi

Katika jangwa la Arizona, nchi ya Marekani, wanakaa watu waitwao Wahopi. Ni wenyeji wa asili wa nchi ile, nao walikuwa na pamba yao wenyewe tangu zamani. Katika miaka ya 1950, mtaalamu Scott McMichael alikuwa akiichunguza pamba ya Wahopi huko California, akaona ya kuwa baadhi ya sehemu zake hazina vitone vyeusi. Alipoichanganya na pamba ya kawaida na kuchagua kizazi baada ya kizazi, mwishowe alipata mbegu nyeupe zisizo na kitone hata kimoja. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1959.

Hesabu ya Mendel ilionekana hapa tena. Ili mbegu ikose vitone kabisa, haikutosha jozi moja ya jeni dhaifu. Zilitakiwa jozi mbili. Robo ya wajukuu hupata jozi ya kwanza, na robo ya hao hupata jozi ya pili pia. Robo ya robo ni moja ya kumi na sita. Basi katika mimea kumi na sita, mmoja tu ndio uliotafutwa, na mtu asiyejua hesabu angaliutupa pamoja na mingine.

Watu walifurahi sana, wakidhani ya kuwa kazi imekwisha. Wakaipanda pamba mpya mashambani. Lakini jeni zile ziliondoa vitone katika mmea mzima, si katika mbegu peke yake. Majani, mashina na matumba yote yalikosa silaha. Wadudu ambao zamani hawakuijali pamba walikuja wakala majani yake, na panya wakazila mbegu. Wakulima waliona hasara, wakarudia pamba yao ya zamani. Kilichomfaa mwanadamu kula kiliwafaa na maadui wa mmea.

6. Kufuli ya mbegu peke yake

Swali likawa jipya. Je, yawezekana mmea ubaki na sumu katika majani na mashina, lakini mbegu peke yake zisiwe nayo? Kwa kuchanganya maua tu jambo hilo halikupatikana. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya ishirini wataalamu walijifunza kuzisoma jeni zenyewe, na hata kuzitia jeni katika chembe ya mmea.

Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, nchi ya Marekani, mtaalamu Keerti Rathore na wenzake walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Njia yao yaweza kuelezwa kwa mfano. Jeni ni kama bwana anayekaa katika chumba cha ndani. Hatoki mwenyewe, bali huandika barua, na mjumbe huichukua mpaka kwa wafanyakazi, nao huisoma na kufanya lililoagizwa. Mojawapo ya barua hizo huagiza kazi ya kutengeneza gosipoli. Rathore na wenzake hawakumfukuza bwana. Walitia katika mmea jeni nyingine inayofanya barua ile ichanwe njiani, kabla ya kuwafikia wafanyakazi. Tena jeni hiyo waliifunga na swichi inayowaka ndani ya mbegu tu. Basi katika majani na mashina barua hufika salama na sumu hutengenezwa kama kawaida. Katika mbegu barua huchanwa, na wafanyakazi hukosa agizo.

Mwaka 2006 walitangaza ya kuwa wamefaulu. Sumu katika mbegu ilikuwa imepungua kwa zaidi ya sehemu 90 katika kila 100, wala majani hayakupoteza silaha yake. Hata hivyo hawakuruhusiwa kuwapa watu chakula hicho mara moja. Ilikuwa lazima mimea ipandwe mashambani vizazi kwa vizazi, ili ionekane kama sifa hiyo hudumu, na mbegu zipimwe kama zina dhara lo lote. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliruhusu pamba hiyo ilimwe, na mwaka 2019 ikaruhusu mbegu zake zitumiwe kuwa chakula cha watu na cha wanyama. Tangu kutangazwa hata kuruhusiwa kuliwa ilipita miaka 13.

Lakini kuruhusiwa si kuenea. Kila nchi ina sheria zake juu ya mimea iliyotiwa jeni, na wako watu wengi wanaotaka ichunguzwe zaidi kabla ya kupandwa. Tena mkulima hapandi mbegu kwa sababu ya sifa moja tu. Huuliza kama itastahimili ukame wa kwao, kama nyuzi zake zitapata bei nzuri, na kama ataweza kuinunua. Mtaalamu asiyeyajibu maswali hayo hajamaliza kazi yake.

7. Mafundisho ya habari hii

Habari ya pamba hufundisha ya kuwa vitu vilivyoumbwa vimefungamana. Mtu aondoapo kitu kimoja, sharti aulize kwanza kilikuwa na kazi gani. Sumu iliyoonekana kuwa ubaya mtupu ilikuwa ngome ya mmea.

Hufundisha pia ya kuwa mali kubwa yaweza kufichwa katika kitu kinachodharauliwa. Laiti pamba ya Wahopi ingalitupwa kwa sababu ilikuwa ya watu wachache wa jangwani, siri yake ingalipotea pamoja nayo. Kwa hiyo nchi nyingi huweka ghala za mbegu za kienyeji, na mkulima anayetunza mbegu za mababu zake hutunza akiba ya watu wengi.

Tena hufundisha subira. Mendel alihesabu njegere maelfu kwa maelfu, wala hakuyaona matunda ya kazi yake. Kutoka pamba ya McMichael hata ile iliyoruhusiwa kuliwa ni miaka 60. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika kazi ya mbegu, kibaba chenyewe mara nyingi hujazwa na mkono wa mtu mmoja, kikapimwa na mwingine.

Maswali

1. Nyuzi za pamba ni sehemu gani ya mmea? Kwa nini zinafaa kusokotwa?
2. Mendel alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 za makunyanzi. Gawanya hesabu ya kwanza kwa ya pili. Jibu lako lakaribia hesabu gani?
3. Vinyweleo vya majani vilisaidiaje pamba kumshinda jasidi?
4. Knight alichanganya pamba yake mara nne. Kama angalichanganya mara ya tano, sehemu ya mzazi mwenye nyuzi mbaya ingalikuwa kiasi gani?
5. Kwa nini ng'ombe aweza kula mashudu ya pamba, na kuku hawezi?
6. Eleza kwa nini wakulima waliikataa pamba isiyo na vitone. Pamba ya Rathore imetofautianaje na hiyo?
7. Waulize wazee wa kwenu ni mbegu gani za kienyeji zilizokuwa zikipandwa zamani ambazo sasa hazionekani. Andika majina yake na sifa zake.